Msuli wa kwanza wa baba mwenye mwili mkubwa

Mwanaume akifanyiwa upasuaji wa ngiri, ndugu huhangaikia dawa, nauli na chakula. Nguo husahaulika. Lakini kidonda cha ngiri mara nyingi huwa kinenani, na mwanaume mwenye kitambi hufunga mkanda wa suruali chini ya tumbo, jirani kabisa na kidonda hicho. Kila akikaa, mkanda unabana. Kila akiinuka, unasugua.

Haya tumeyaona mwaka huu nyumbani kwetu Malangali, hapa Sumbawanga. Baba ana miaka 67 na mwili wake ni mkubwa tangu ujana. Aliporuhusiwa kutoka hospitali aliambiwa asinyanyue vitu vizito na atembee kidogo kidogo kila siku. Kutembea kukawa shida kwa sababu ya nguo. Mama alimpa kitenge chake, na baba alikivaa ndani kama wanaume wengi wanavyofanya usiku. Kutoka nacho nje hakutaka. Mtu akipiga hodi, baba anaingia chumbani na kufunga mlango. Siku zikapita bila kufika hata getini.

Na wageni wa posa ya mdogo wangu walikuwa wanakuja baada ya wiki tatu. Baba alianza kusema baba mdogo akae badala yake. Mdogo wangu alilia. Hakutaka kuposwa huku baba yake mzazi amejifungia chumba cha pili.

Kaka, ambaye anafanya kazi Tanga, akapiga simu na kusema tumtafutie mzee msuli. Baba alikataa. "Mimi ni Mfipa, siyo mtu wa pwani. Nifunge shuka mbele ya wakwe?"

Mama ndiye aliyemjibu, taratibu, huku anachambua maharage. Alimkumbusha kuwa wazee wa Ufipa walikuwa wafumaji. Walitumia pamba ya bonde la Rukwa, wakaisokota na kuifuma wenyewe, kabla nguo za dukani hazijaenea. "Babu wa babu yako alifunga nguo kiunoni, baba Maria. Suruali ndiyo mgeni." Kaka akaongeza kwenye simu kuwa hata Uskoti, Ulaya, wanaume huvaa sketi nzito za sufu zenye mikunjo, harusini na jeshini, na hakuna anayewacheka. Baba alinyamaza kidogo, akauliza, "Rangi gani?" Tukajua amekubali.

Kwetu binti hamshiki baba yake kiunoni, kwa hiyo mama alipima, mimi nikaandika. Mzunguko wa tumbo mahali palipo panene zaidi ulikuwa sentimita 124. Vikoi tulivyovikuta sokoni vilikuwa na urefu wa kama sentimita 165. Ukitoa, zinabaki 41 tu za kupishana mbele. Kwa mtu mwembamba nguo hiyo inazunguka karibu mara mbili. Kwa baba, akipiga hatua ndefu au akikaa, inafunguka hadi pajani. Fundi wetu wa cherehani alitupa hesabu rahisi: chukua mzunguko, ongeza nusu yake. Yaani 124 na 62, jumla 186.

Tulinunua vikoi viwili vya rangi moja, bluu iliyoiva, tukavifua kwanza kwa sababu pamba mpya hurudi ikipata maji. Fundi alikata kipande kwenye kimoja akakiunga kwenye kingine hadi ikatimia mita 1.9. Kile cha nyongeza kilikaa upande wa ndani, mahali panapofunikwa, kwa hiyo ukiangalia huoni kiungo. Kilichobaki mama alikishona foronya.

Kufunga nako kuna utaratibu wake kwa mwenye tumbo. Ukifunga chini ya tumbo, msuli unateleza, na kwa mgonjwa wa ngiri umerudi kulekule kwenye kidonda. Baba alifunga juu, usawa wa kitovu. Tumbo huinua nguo mbele, hivyo pindo la mbele huwa fupi na la nyuma linaburuta. Dawa yake ni kushusha nguo upande wa mbele kwa upana wa vidole vinne kabla ya kukaza. Kisha unapishanisha kulia na kushoto, unakunja ukingo wa juu kwenda nje mara tatu au nne mpaka ushike. Usipige fundo, litamchoma akilala. Ndani avae bukta pana isiyobana.

Halafu ajaribu kabla ya kutoka: akae, ainuke, apande ngazi moja, ainame kidogo kama anaokota kitu. Baba alifanya hayo ukumbini siku mbili, mama akiwa jaji. Siku ya tatu alitoka hadi getini. Siku ya nne alifika dukani kwa jirani na kurudi na gazeti. Kwa baridi yetu ya Juni hapa juu, alivaa soksi ndefu na koti lake la kanisani.

Wageni walipofika, baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake, shati jeupe, koti na msuli wa bluu. Aliinuka mwenyewe kuwapokea. Hakuna aliyeuliza habari za nguo. Waliuliza afya yake, kisha wakaingia kwenye ng'ombe, na huko baba hakuwa mgonjwa hata kidogo.

Mzazi mwenzangu, ukiwa na mgonjwa wa aina hii, muulize daktari au muuguzi mapema avae nini akirudi nyumbani. Pima kabla ya kununua, na mwache achague rangi mwenyewe. Mtu mzima aliyezoea kuheshimiwa anaweza kuvumilia maumivu ya mshono. Kuonekana kituko mbele ya wanawe ndiko kunakomfungia chumbani.

Baba amepona na suruali zake amezirudia. Ila jioni, akimaliza kuoga, anafunga msuli na kukaa kibarazani, mahali ambapo kila apitaye anamwona.