Ile Pesa

Arafa yenyewe ilikuwa na maneno sita: "Ile pesa tuma kwa namba hii." Chini yake palikuwa na namba ya simu. Hapakuwa na salamu, wala jina, wala kosa lolote la tahajia la kumgutusha mtu aliyesahihisha insha za watoto kwa miaka thelathini na miwili. Mwalimu mstaafu aliyeipokea, huko Mwingi, alikuwa ameketi chini ya mwembe akimngojea fundi wa mabati amletee namba ya kulipia. Walikuwa wamekubaliana asubuhi iyo hiyo. Akavaa miwani, akabonyeza tarakimu moja baada ya nyingine kwa uangalifu mkubwa, na kabla ya saa saba mchana shilingi 14,500 zilikuwa zimekwenda.

Fundi alipiga simu saa tisa. "Mwalimu, nakutumia namba sasa hivi."

Msomaji aliyepitia somo la sintaksia atatambua kwamba mzigo wote wa sentensi ile umebebwa na neno la kwanza. Mtu hasemi "ile pesa" kwa mgeni. Kiashiria hicho hurejelea jambo ambalo msemaji na msikilizaji wamekwisha kulizungumza, na anayelisikia hulazimika kutafuta kumbukumbuni mwake ni pesa ipi. Tapeli hakujua lolote kuhusu mabati. Hakumjua mwalimu, wala Mwingi. Aliisambaza arafa yake kwa watu wengi asiowafahamu, akakiacha kiashiria kifanye kazi. Katika nchi ambamo takriban kila mtu mzima ana karo ya kulipa, au kodi ya nyumba, au mchango wa matanga, au zamu ya chama, neno "ile" halikosi pa kutua. Inatosha mmoja tu kati ya mamia awe anangojea namba siku hiyo.

Kinachouma ni kwamba mwalimu huyu ndiye aliyewafundisha watoto wa shule tatu tofauti ya "hii", "hiyo" na "ile".

Kabla ya fedha kuondoka, mfumo wa M-Pesa ulimwonyesha jina la mwenye namba. Lilikuwa jina la mwanamke asiyemjua. Alilisoma, akajiambia kwamba huenda ni mke wa fundi. Angaliipeleka arafa ya muamala kwa namba 456 papo hapo, pengine fedha zingalizuiliwa kabla hazijatolewa. Lakini saa mbili zilikuwa zimepita na akaunti ya pili ilikuwa imekwisha kukombwa. Hakumwambia mtu. Fundi alimwambia kwamba amebadili nia kuhusu paa, na mvua ya Novemba ilipoanza akatandaza sufuria na ndoo sebuleni kama alivyokuwa akifanya mwaka uliotangulia.

Binti yake, mwanafunzi wa uzamili anayeishi Kahawa, alikuwa na siri yake pia. Mama alikuwa ameuza mbuzi na kumpa shilingi 28,000 za safari ya Lamu, akakusanye data ya tasnifu. Wiki chache kabla ya safari, tangazo lilimfikia kupitia kundi la WhatsApp: kazi ya kufanyia nyumbani, saa mbili kwa siku, tajriba haihitajiki. Kazi yenyewe ilikuwa kubonyeza alama ya kupenda kwenye video. Alibonyeza, akapelekewa shilingi 200 kwa simu. Siku ya pili akapelekewa 200 nyingine. Pesa hizo zilikuwa za kweli, na zilinunua mkate na maziwa ya kweli, jambo ambalo hulisahau wale wanaouliza kwa kejeli mtu msomi alidanganywaje.

Kisha akaelezwa kuhusu "kazi za ngazi ya juu". Hizo zilihitaji dhamana. Aliweka 2,000, akarudishiwa 2,600. Aliweka 5,000, akarudishiwa 6,500. Alipoweka 22,000, kioo cha simu kilimwonyesha salio la 28,600, lakini kulitoa kulihitaji alipe kwanza "kodi" ya 5,000. Akalipa. Ndipo akaambiwa kwamba akaunti imefungwa kwa kuwa alikosea herufi moja ya jina lake, na kuifungua ni 8,000. Hakuwa nazo. Kundi zima likanyamaza, kisha likatoweka, pamoja na wale wanachama waliokuwa wakituma picha za mapato yao kila jioni na kumshukuru "meneja".

Mwaka mmoja kabla ya hapo, binti huyo alikuwa amewasilisha makala katika semina kuhusu ujanja katika hekaya za Abunuwasi. Kisa alichokichambua kwa furaha kubwa ni kile cha sufuria. Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha ikiwa na sufuria ndogo ndani yake, akaeleza kwamba ilizaa. Jirani akapokea zote mbili bila swali. Abunuwasi alipoiazima tena, hakuirudisha. Alikuja na habari za msiba, kwamba sufuria imekufa. Jirani alipong'aka akaulizwa: uliyeamini kwamba sufuria huzaa, mbona huamini kwamba hufa? Darasa lilicheka, naye alicheka. Katika makala yake aliandika kwamba kicheko cha hadhira humwangukia jirani kwa sababu ya tamaa yake. Sasa alikuwa ameipokea sufuria ndogo, tena mara mbili, na usiku alikuwa akiisoma upya sentensi ile aliyoiandika. Ilikuwa sentensi isiyo na huruma. Jirani wa hekaya alikuwa na sufuria zaidi ya moja, labda. Yeye alikuwa na tarehe ya kuwasilisha data na deni la kodi ya chumba.

Ni vyema ikumbukwe kwamba mbinu hii si ya jana. M-Pesa ilipozinduliwa mwezi wa Machi 2007, taifa lilikuwa katikati ya kilio cha miradi ya upatu, ambayo nayo iliwalipa wa kwanza kwa fedha za wa mwisho hadi ikaporomoka. Kilichobadilika ni kasi. Aliyepoteza wakati ule alipanga foleni, akatia sahihi, akapewa risiti. Alikuwa na mlango wa kwenda kugonga. Mwajiri wa binti hakuwa na mlango. Hakuwahi kusikika hata sauti yake, kwani kila alipoombwa kupiga simu alikuwa "mkutanoni". Hakutoa mkataba. Hakuuliza lolote kuhusu shahada wala ujuzi. Na, zaidi ya yote, mwajiri huyo alitoza. Dalili hiyo peke yake ingalitosha, kwa maana mwenye kazi humlipa mfanyakazi, na siku anapoanza kulipwa na mfanyakazi, ujira wa mfanyakazi huyo ndio biashara yake.

Siri zile mbili zingalikaa hivyo hivyo lau si simu ya tatu. Mwanamume mwenye sauti nyororo na Kiswahili safi alimpigia mwalimu, akamwita "Mama" kwa heshima, akasema anatoka huduma kwa wateja na kwamba fedha zake zimepatikana. Alihitaji tu namba ya kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa, na namba ya siri. Walaghai huwarudia waliokwisha kupoteza, wakijua kwamba hakuna tumaini linalomshika mtu kama tumaini la kurudishiwa chake. Safaricom imetangaza mara kwa mara kwamba huwapigia wateja kwa namba 0722 000 000 tu. Mwalimu hakuwa analijua hilo. Alilojua ni darasa. Alimwambia mwanamume asubiri, akachukua simu ya jirani na kumpigia bintiye.

"Mwanangu, namba ya siri ni ya kuambiwa mtu?"

"La, Mama! Ni nani anayeiuliza?"

"Huyu wa kunirudishia pesa zangu."

"Pesa gani, Mama?"

Palipita kimya kirefu. Kisha mwalimu akasimulia habari za arafa, akiomba radhi kama mtoto aliyevunja chungu, ilhali fedha zilikuwa zake. Binti alimsikiliza hadi mwisho. Angaliweza kumpa pole na kukata simu, na kwa dakika nzima alikusudia hivyo. Badala yake alimweleza habari za mbuzi. Mama hakugomba. Aliuliza jambo moja tu, kama bintiye alikuwa amekula siku hiyo.

Waliandikisha taarifa, kila mmoja katika kituo cha polisi cha kwake. Sheria ipo, iliyopitishwa mwaka 2018, inayohusu uhalifu wa mtandaoni, na afisa mmoja aliitaja kwa upole huku akiandika. Fedha hazikurudi. Safari ya Lamu ilisogezwa mbele kwa muhula mmoja.

Wikendi iliyofuata binti alikwenda nyumbani, wakaketi na rununu mbili mezani. Walikubaliana kwamba hakuna pesa itakayotumwa kwa arafa pekee. Ni lazima sauti isikike. Na kwa kuwa hata sauti huigizwa, wakachagua swali. Binti alipendekeza nusu ya methali, mama akakataa, akisema kwamba methali ni mali ya kila mtu, hata mwizi huimalizia. Wakachagua jina la punda aliyekuwa akibeba maji ya nyumba ile mnamo miaka ya 1990, jina lisiloandikwa popote.

Mwezi uliopita simu ya binti ilizimika njiani. Aliazima ya mwenzake, akampigia mama kumwarifu kwamba amefika Lamu salama.

"Punda aliitwaje?" mama akauliza.

"Mama, ni mimi!" binti akajibu, akicheka.

"Ndivyo wasemavyo wote," mwalimu akasema, akakata simu.