Tenzi za Msibani Kwenye Chumba cha Mtoto

Huku Minnesota, mwezi Juni jua huzama saa tatu usiku. Mtoto analazwa saa moja na mwanga bado umejaa chumbani, jirani anakata nyasi, watoto wakubwa wanaendesha baiskeli barabarani, na mzazi anashusha pazia zito ili mwanawe aamini kwamba jua limeshazama. Desemba mambo yanageuka: saa kumi na nusu jioni giza linaanza kutanda, mtoto hajala wala hajaoga. Kwetu Iringa jua halisumbui hivyo. Mwaka mzima linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, kuku wanaingia bandani, moshi unapanda jikoni, na hakuna anayehitaji kumtangazia mtoto kwamba usiku umefika. Hapa lazima utangazwe. Katika nyumba nyingi za Watanzania na Wakenya ninazozifahamu, kinachoutangaza ni nyimbo za kuabudu.

Ukipita kwa mwenzio saa za jioni utazisikia kutoka ghorofani: kinanda peke yake, taratibu, wimbo mmoja ukiingia ndani ya mwingine bila kukatika. Simu iko juu ya kabati, imeunganishwa na spika ndogo. Kina mama tunatumiana rekodi hizo kwenye kundi la WhatsApp kama tunavyotumiana jina la duka linalouza unga wa dona, na mwenye mtoto mchanga ndiye anayepokea nyingi zaidi.

Nyumbani sikuona mtu akimlaza mtoto kwa rekodi ya aina yoyote. Mtoto alilala mgongoni. Mama, dada, shangazi, hata binti wa jirani aliyepita kuomba chumvi, yeyote aliyekuwa na nafasi alimtupia mgongoni, akakaza mbeleko, akaendelea kupepeta mchele au kufagia uwanja. Nyimbo za kubembeleza watoto zilikuwapo, na zilikuwa nzuri, lakini tenzi zilikuwa za watu wazima, na mtoto alizikuta tu zinaimbwa. Ibada ya jioni ya familia ilimkuta mapajani, akasinzia katikati ya maombi, akabebwa kupelekwa kitandani kabla ya Amina. Nimeona watoto wamelala fofofo kwenye mkesha wa mwaka mpya, wamefunikwa vitenge juu ya mkeka nyuma ya kwaya, spika hatua chache kutoka vichwani mwao, ngoma na gitaa vimepamba moto. Hakuna aliyepunguza sauti kwa ajili yao, nao hawakuamka.

Hapa mtoto ana kitanda chake. Daktari anakuelekeza kabla hujatoka hospitali: alale chali, juu ya godoro gumu, bila mto, bila blanketi, bila mdoli, chumba kimoja na wazazi walau miezi 6 ya mwanzo, ila kitanda chake peke yake. Ushauri huo naufuata bila kusita. Tangu Marekani ilipoanza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1994, vifo vya ghafla vya watoto usingizini vimepungua kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo sililii kitanda cha peke yake. Ninachokiona ni kwamba mgongo haupo tena, na wale wote waliokuwa wakiutoa hawapo. Baba mtoto yuko kazini hadi saa tano usiku, mimi kesho yake naingia shifti ya alfajiri kwenye nyumba ya kutunzia wazee, shangazi wako Iringa na Mafinga. Wimbo umepewa kazi ya watu wengi mno.

Na si kila wimbo unaiweza. Mtu aliyelelewa katika makanisa yetu anajua tofauti kati ya sifa na kuabudu. Sifa ni za kusimama, kupiga makofi, kurukaruka. Kuabudu ni kwa polepole, maneno machache yakirudiwa tena na tena mpaka moyo ushuke. Kwa mtoto unachagua kuabudu, hilo liko wazi. Shida ni kwamba waimbaji wetu hawapendi kuishia hapo. Wimbo unaanza kwa upole, sauti moja na kinanda, unaendelea hivyo dakika tano au sita, mtoto ameshaanza kulegea kope, halafu mpiga gitaa anafungulia sebene na kanisa zima linaingia kwenye mapambio. Sina ugomvi na sebene. Jumapili ni haki yake. Lakini mzazi anapaswa ausikilize wimbo hadi mwisho kabla ya kuuweka chumbani. Nyimbo za marehemu Angela Chibalonza, yule mzaliwa wa Kongo aliyeimbia Kenya hadi alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 2007, nazipenda kuliko nyingi za leo, na bado nachagua kwa uangalifu ipi ya mchana na ipi ya usiku. Tena kuna matangazo ya biashara yanayojipenyeza katikati ya nyimbo kwa sauti mara mbili ya muziki wenyewe. Pakua nyimbo zako mapema, ama imba.

Mimi nasema imba. Najua mzazi aliyechoka atanijibu kwamba hana sauti, na simu inaimba vizuri kumshinda. Mtoto hafanyi mashindano ya kwaya. Alianza kuisikia sauti yako akiwa bado tumboni, na anazaliwa anaitambua kati ya sauti nyingine. Mwaka 2013 jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti ulioongozwa na wataalamu wa hospitali moja ya New York kwa watoto njiti 272 katika hospitali 11. Miongoni mwa yaliyojaribiwa ni wimbo uliochaguliwa na wazazi wenyewe, wowote wenye maana kwao, ukapunguzwa mwendo hadi ukawa wa kubembeleza. Mapigo ya moyo ya watoto yalitulia, na wazazi nao hofu yao ilipungua. Hilo la wazazi ndilo linalonigusa zaidi, kwa sababu mara nyingi usiku anayehitaji kutulizwa kwanza ni mama.

Utafiti mwingine, wa Chuo Kikuu cha Harvard, ulitoka mwaka 2020. Watoto 144 wa Marekani, wa miezi saba hivi kwa wastani, walisikilizishwa nyimbo za jamii za mbali kwa lugha ambazo hawajawahi kuzisikia. Zilipopigwa zile za kubembelezea watoto, mioyo yao ilipiga polepole kuliko walipowekewa nyimbo za aina nyingine. Maana yake ni kwamba mwanangu akisinzia kwa utenzi wa Kiswahili, kinachomlaza ni mwendo wa wimbo na sauti inayouimba. Maneno hayajamfikia bado. Yamenifikia mimi, na yanamsubiri yeye.

Kwa wanaotumia spika, neno moja la haraka. Mwaka 2014 watafiti walipima mashine 14 za sauti zinazouzwa kwa ajili ya usingizi wa watoto, wakakuta zote, zikifunguliwa sauti ya juu kabisa na kupimwa kwa umbali wa sentimita 30, zinapita desibeli 50, kiwango kinachopendekezwa kisivukwe kwenye wodi za watoto wachanga. Muziki mtakatifu haulindi sikio kwa sababu ni mtakatifu. Weka spika mita mbili au zaidi kutoka kitandani, sauti chini, na izime akishalala.

Wapo wazee wa kanisa wanaoona vibaya jambo hili lote. Mmoja aliniambia kwa upole kwamba tunamgeuza Mungu kuwa dawa ya usingizi. Nilimsikiliza kwa heshima, kwa kuwa hoja yake si nyepesi: wimbo wa ibada ukizoeleka kuwa kelele ya chumbani, unaweza kufika mahali ukausikia kanisani na mwili ukapiga miayo. Hata hivyo sisi Walutheri tumefundishwa kipaimara kwa Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, na humo Luther anaelekeza sala ya jioni, kisha anasema mtu aende akalale mara moja kwa moyo wa furaha. Usingizi umo ndani ya ibada. Kumkabidhi mtoto asiyeweza kujilinda usiku kwa Mungu, kwa sauti, kila siku, ni ibada kamili hata kama mshiriki wake mkuu ananyonya kidole.

Hoja iliyonisumbua kweli ni ya mama yangu.

Tulikuwa tunaongea kwa video, mtoto mkononi anakataa usingizi wa mchana, nami nikaanza kuimba Yesu Kwetu ni Rafiki bila kufikiri, kama mtu anavyoshika mpini wa mlango wake gizani. Mama alinyamaza. Halafu akasema, "Mwanangu, huo ni wa msiba. Mtoto mdogo hivyo unamwimbia wa msiba?"

Nilitaka kubisha, nikashindwa. Utenzi huo kwenye kitabu haukuandikiwa mazishi. Lakini kwetu ndiko unakoishi. Huo na wenzake kadhaa huanzishwa na mama mmoja aliyekaa mkekani na miguu ameinyoosha, saa nane za usiku, wakati maneno ya faraja yamekwisha na mwili uko chumba cha pili. Wengine wanaupokea mmoja mmoja, sauti ya pili inajitafuta, wanaume wanaoota moto nje chini ya turubai wanaongeza besi, na hadi ubeti wa mwisho nyumba nzima imekuwa kwaya bila mwalimu. Hivyo ndivyo nilivyoujua. Niliposhika ubeti wa kwanza nilikuwa mtoto wa shule ya msingi kwenye msiba wa babu, nimeegemea mbavu za mama huyu huyu. Mwanangu anaujua kwa harufu ya mafuta ya mtoto na pajama safi. Wimbo ni ule ule, na sisi wawili hatuna kumbukumbu hata moja inayofanana juu yake.

Kwa muda nililiona hilo kuwa hasara ya ughaibuni: kwamba tunawapa watoto wetu nyimbo zilizong'olewa mizizi, utamu bila uchungu uliouzaa. Kisha nikakumbuka utenzi wenyewe ulikotoka. Aliyeutunga, Joseph Scriven, alikuwa Mwayalandi aliyehamia Kanada. Mwaka 1855 mama yake alikuwa na huzuni kule Ireland, bahari nzima katikati yao, mwanawe hana namna ya kwenda kukaa naye, akamwandikia maneno hayo ya kumfariji. Tuni tunayoiimba ilikuja baadaye, mwaka 1868, kwa mkono wa Mmarekani Charles Converse. Kabla ya kuwa wa msiba wa Iringa, ulikuwa wa mhamiaji mwenye mama mbali. Watu wa Iringa waliupokea wakaupeleka palipokuwa na haja kubwa kuliko zote. Nami nimeuleta chumba cha mtoto kwa sababu hapo ndipo penye haja yangu. Nyimbo za ibada zimesafiri hivyo siku zote, tena njia zote mbili: hapa Minnesota, Pasaka, wazungu wanaimba Mfurahini Haleluya, wimbo wa Mtanzania Bernard Kyamanywa kwa tuni ya Wahaya, umo kwenye kitabu chao cha nyimbo.

Nilimweleza mama habari za Scriven. Alizipenda, hasa kwamba utenzi uliandikiwa mama. Hazikumbadilisha. Yeye anaona kuna mambo mtoto hapaswi kuyakaribia kabla ya wakati, na wimbo ni mlango. Mimi naona kwamba siku moja mwanangu atasimama kwenye msiba Iringa, pengine wa mtu tunayempenda wote, akiwa amezungukwa na ndugu ambao Kiswahili chao kinamzidi kasi. Hatajua wapi pa kukaa wala nani wa kumsalimu kwanza. Mama mmoja mkekani ataanzisha, naye atagundua kwamba kinywa chake kinaujua ubeti wote, na kwamba mwili wake umezoea kutulia unapoimbwa. Hapo ndipo atakapojifunza nusu nyingine ya wimbo, kutoka kwa waliomzunguka, kama nilivyojifunza mimi. Mimi peke yangu siwezi kumfundisha hiyo. Na ninajua haitatokea nisipompeleka, kwa hiyo akiba ya tiketi nimeianza.

Kwa sasa tumegawana kazi. Usingizi wa usiku haumfai mama, kwa kuwa saa moja jioni yetu ya kiangazi ni saa tisa usiku kwake. Usingizi wa mchana ni wake. Saa sita na nusu ya huku inamkuta saa mbili na nusu usiku, ibada ya nyumbani imemalizika na vyombo vimeoshwa, naye anapiga simu, anaimba akiwa ameshika kitabu cha nyimbo cha Mwimbieni Bwana mkononi ingawa kurasa hizo anazijua kwa moyo. Nyuma yake unasikia taarifa ya habari kwa jirani, mbwa, pikipiki inayopanda mlima. Siku ambazo mtandao unagoma ananitumia sauti aliyoirekodi, na anatanguliza maelekezo: mfunge vizuri, dirisha lisiwe wazi, huu ni wa kulala. Majira ya baridi, saa zikirudishwa nyuma, tunamkuta saa tatu na nusu, amechoka, anaimba beti mbili tu.

Rekodi zake zimekuwa nyingi sasa, za Krismasi, za sifa alizozipunguza mwendo mwenyewe, hata moja ya Kihehe ambayo sikujua kama anaikumbuka. Yesu Kwetu ni Rafiki haumo. Nimemwomba, akasema huo nimwimbie mwenyewe kama nimeamua. Nimeamua, na namwimbia.