Nani Anamfundisha Nani Kulima Mpunga?

Katika lugha ya miradi hakuna msemo uliochakaa kama “kuwajengea uwezo wakulima”. Anayeutamka huwa ameshaamua kwamba uwezo uko kwake, na upungufu uko kwa yule mwenye jembe.

Hivi karibuni mwanafunzi wangu wa shahada ya uzamili aliniletea andiko kuhusu mafunzo ya kilimo hai cha mpunga wa asili kwa Waifugao, watu wa milima ya Cordillera, kaskazini mwa kisiwa cha Luzon nchini Ufilipino. Nilimuuliza: hao walikuwa wakilimaje kabla mwezeshaji hajafika? Alinyamaza, kwani andiko lake nalo lilikuwa limenyamaza.

Matuta ya mpunga ya Waifugao yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1995. Mpunga wao wa asili huitwa tinawon, yaani wa mara moja kwa mwaka, kwa kuwa katika baridi ya milimani hukaa shambani miezi mingi kabla ya kukomaa. Maji hushuka kutoka muyong, msitu ulio juu ya matuta, ambao familia huurithishana na kuutunza. Magugu na mabua hufukiwa topeni yakawa mbolea. Wanawake ndio wanaopita shambani wakichagua masuke ya mbegu, na jicho lao halikupatikana katika warsha ya siku tatu. Kumwita mama wa aina hiyo aje afundishwe “kilimo hai” ni sawa na kumfundisha mvuvi wa Kilwa kuogelea.

Lakini siungani na wasomi wenzangu wanaodhani kila cha jadi kinajitosheleza. Katika miaka ya 1980 Ufilipino iliingiza konokono kutoka Amerika ya Kusini ili wafugwe kwa chakula. Walitorokea mashambani, wakageuka balaa la miche michanga. Mababu hawakuacha dawa ya mdudu wasiyemjua. Hapo mkufunzi ana la kusema: okoteni mayai yake, punguzeni maji. Ila ushauri wa kupunguza maji ulizaliwa tambarare. Mlimani, tuta likikauka huingia nyufa, na ukuta ukianguka ni kazi ya mikono mingi, wakati vijana wengi wameshahamia mijini. Mafunzo yasiyomsikiliza mwenye tuta yanaweza kumfukuza konokono na kulibomoa shamba. (Konokono huyo, kwa taarifa ya wanaodhani hadithi hii ni ya mbali, aliripotiwa katika mashamba ya Mwea, Kenya, mwaka 2020.)

Suala la cheti linanikera zaidi. Sheria ya kilimo hai ya Ufilipino ya mwaka 2010 ilimtaka anayeuza mazao kwa jina hilo awe na uthibitisho wa mkaguzi wa nje, ambaye hulipwa. Mtu ambaye pengine hajawahi kununua mfuko wa mbolea ya viwandani akatakiwa anunue karatasi ya kuthibitisha hivyo! Marekebisho ya mwaka 2020 yalitambua utaratibu wa wakulima kukaguana wenyewe kwa wenyewe. Ni hatua ya haki, japo ilichukua miaka kumi.

Limebaki swali la bei. Mchele huo sasa unatafutwa na walaji wa mijini na wa ng’ambo, nao mkulima mwenye mavuno mamoja kwa mwaka hushawishika kuuza ulio bora na kununua wa bei nafuu wa tambarare kwa ajili ya watoto wake. Katika andiko zima la mwanafunzi wangu, neno “bei” halikuwemo. Si yeye peke yake. Hapa kwetu jina la Kyela huandikwa kwenye magunia ya mchele ambao haujawahi kuiona Kyela, na mkulima wa huko hapati hata senti moja kwa jina lake.