Tangi Tupu, Ua Umefurika

Najua nimepotea kidogo, kazi zimenibana. Leo sina habari za simu mpya wala programu mpya. Nataka kuwasimulia kuhusu bagi iliyonitoa jasho, nayo haikuwa kwenye kompyuta. Ilikuwa kwenye paa la mama yangu.

Kwetu ni Malili, kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa. Wengi mnapajua kwa sababu ya Konza, lile jiji la teknolojia lililowekewa jiwe la msingi Januari 2013 kwenye ardhi iliyokuwa ranchi ya Malili. Basi jirani zetu wana kituo cha data, na sisi kiangazi kikikaza tunanunua maji kwa mwenye punda, mtungi kwa mtungi.

Nilipopata kazi ya kuandika programu nilimwahidi mama kwamba mambo ya punda yamekwisha. Nikanunua tangi la lita 5,000, nikaita fundi, akafunga mifereji ya mabati pande zote mbili za paa. Mafundi huiita gata. Hesabu nilipiga mwenyewe. Paa letu lina urefu wa mita 12, na kila upande una upana wa mita 4, jumla mita za mraba 96. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nikakadiria milimita 600 kwa mwaka, nikapata lita 57,600. Nikagawanya kwa siku 365, nikatabasamu. Digrii ya sayansi ya kompyuta imelipa!

Mvua ya vuli ya kwanza ikaja alasiri moja nikiwa nyumbani. Ilinyesha nusu saa tu. Maji yakaruka juu ya gata kama pazia, yakachimba mtaro kando ya ukuta, yakabeba na mche wa mpapai wa mama. Ilipokatika nikagonga tangi kutoka chini kwenda juu. Maji yalikuwa yamefika chini kabisa, kama lita 700 hivi.

Mama alikuwa amesahau sufuria uani, ile yenye kingo zilizonyooka. Nikatia rula ndani: sentimita 3, yaani milimita 30. Zidisha kwa 96, ni lita 2,880. Tulikuwa tumepoteza zaidi ya lita 2,000, mitungi mia moja na zaidi. Mama akaitazama ile rula, akasema, "Mwanangu, kwa hiyo nimpigie mwenye punda?" Hakunilaumu. Ndiyo sababu nililala vibaya.

Usiku ule ndipo nilipoona kosa langu, nalo ni kosa ambalo kazini ningemcheka mwenzangu. Nilipima wastani badala ya kilele. Seva haianguki kwa sababu ya watu wanaoitembelea kwa mwaka mzima. Huanguka kwa sababu ya wale wanaoingia katika dakika moja. Na mvua za nchi kavu ni za namna hiyo. Jua huchoma ardhi, hewa ya moto hupanda kwa kasi, wingu refu hujengeka, kisha hujimwaga lote kwa muda mfupi. Tarehe 16 Aprili 2024, kule Khatm Al Shakla karibu na Al Ain katika Falme za Kiarabu, ilipimwa milimita 254 katika muda usiotimia saa 24. Jangwani hapo! Kwetu, milimita moja kwa dakika ilimaanisha lita 96 kila dakika, karibu mitungi mitano.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kununua gata pana zaidi. Lakini gata ni foleni. Kinachoingia kikizidi kinachotoka, foleni ndefu huchelewesha tu kufurika. Tatizo liko mlangoni. Kesho yake nikapanda ngazi na fundi, aliyekuwa akiniita "injinia" kwa kejeli kidogo, tukakuta mambo manne.

Kwanza, bomba la kuteremshia maji lilikuwa la inchi moja na nusu. Tukaweka la inchi tatu. Ukizidisha kipenyo mara mbili, uwazi wa bomba unakuwa mara nne. Pili, gata ililala sawa kabisa na katikati ilibonyea. Tukavuta uzi, tukaipa mteremko wa sentimita 6 kwa mita zake 12. Tatu, miezi ya kiangazi ilikuwa imeijaza vumbi, majani ya migunga na kiota cha ndege, na mvua ya kwanza ikageuza yote kuwa tope lililoziba tundu. Hili ndilo balaa la nchi kavu: mfumo hukaa miezi bila kujaribiwa, kisha hupewa mtihani mgumu siku ya kwanza. Nne, mvua kubwa hushuka kwenye mabati kwa kasi ikairuka gata. Tukakunja ukanda wa bati, tukaufunga ukingoni mwa paa ili uyagonge maji yaanguke ndani.

Siku tisa baadaye ikanyesha tena, usiku. Niliamka nikasikia sauti tofauti, maji yakinguruma ndani ya tangi. Nikatoka na tochi, nikamkuta mama tayari amesimama mlangoni na kanga kichwani, anasikiliza. Hakusema kitu. Asubuhi tangi lilikuwa limevuka nusu.

Basi kabla ya Oktoba, panda ngazi uondoe vumbi. Kisha mwaga ndoo mbili za maji kwa mpigo na utazame yanakwenda wapi. Mimi sikufanya jaribio hilo, na aliyelipia ni mama.

Haya, tuonane tena Mungu akipenda.