Kidole cha Shangazi

Januari 2020 nilikuwa likizo nyumbani Lushoto. Wiki hizo Tanzania nzima ilikuwa kwenye foleni. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, ulioanza Mei 2019, ulikuwa umeongezewa muda kutoka 31 Desemba hadi 20 Januari, na baada ya hapo laini zisizosajiliwa zingeanza kuzimwa. Nikamsindikiza shangazi yangu kutoka Soni hadi duka la simu. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, alikuwa nayo, kaiandika nyuma ya kadi ya kliniki ya mjukuu wake.

Alichokosa ni kidole. Kijana wa dukani alimshika kidole gumba, akakibandika kwenye mashine, ikagoma. Cha shahada, ikagoma. Mkono wa kushoto, vilevile. Akamwambia akaoshe mikono kwa ndimu, arudi kesho. Kesho yake tukarudi, nauli nyingine, ndimu tumeshakamua, mashine ikakataa tena.

"Vidole vyangu vimeishia kwenye mpini wa jembe, mwanangu," Shangazi akaniambia, huku anacheka. Miaka arobaini ya kulima kabichi na viazi kwenye miteremko ya Usambara imeisugua ile mistari, imebaki ngozi tupu.

Sasa njoo Hamburg, ninakoishi. Ujerumani nayo, tangu Julai 2017, laini ya vocha haiwashwi mpaka uthibitishe wewe ni nani. Nilijaribu kwa video, nimekaa vizuri, pasipoti mkononi. Programu ikajibu kwamba pasipoti yangu haimo kwenye orodha yake. Yaani mashine ilinikataa kama ilivyomkataa Shangazi. Ila chini ya ujumbe ule ule kulikuwa na maelekezo mengine: chapisha karatasi hii, nenda posta. Nikaenda. Mama wa dirishani akaitazama pasipoti, akanitazama usoni, akajaza fomu. Dakika tano, nikatoka.

Usinielewe vibaya, wala sisemi kwamba hawa wenzetu wametuzidi kwa mitambo. Benki yangu ilinitumia namba ya siri kwa barua ya posta, na duka ninaponunua mkate wanataka sarafu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata. Shangazi alikuwa akipokea hela kwa wakala wa chini ya mwavuli wakati mimi bado niko shule. Kwa kasi tumewapita mbali. Lakini huku mfumo mpya huingia na wa zamani ukabaki pale pale, kama mzee asiyetaka kustaafu. Unachosha, unakera, na siku mpya ukigoma ndio unaokuokoa. Kwetu mashine ikiletwa, dirisha la zamani linafungwa. Ukiambiwa "mtandao unasumbua", umeshaambiwa urudi nyumbani.

Tukizungumzia teknolojia inavyotusumbua huwa tunataja umeme, minara na bei ya bando. Ni kweli. Lakini siku ile ya Shangazi dukani umeme ulikuwepo, mtandao ulikuwepo, na mashine ilikuwa mpya. Aliyeileta hakujiuliza mwenye mikono ya jembe afanyweje, tena katika nchi ya wakulima! Na yule kijana wa dukani simlaumu. Alimwona Shangazi kwa macho yake, namba yake ya NIDA iko mbele yake, ila hakuna aliyempa ruhusa ya kuyaamini macho yake.

Siku ya tatu hatukwenda. Shangazi alimwomba kijana wa jirani, mwenye vidole laini, asajili laini kwa jina lake. Mpaka leo nikimtumia hela, jina linalotokea kwenye risiti ni la kijana huyo. Simu ikiibwa, ni yeye anayetakiwa kwenda dukani kuirudisha laini, na mwaka jana alihamia Dodoma.