Bakora Yangu na Mjukuu Wangu



Miaka zaidi ya thelathini nimesomesha watoto wa watu chuoni, na nilikuwa nikijihesabu kuwa mtu ajuaye ulezi. Mwaka huu nimepata waalimu wawili walionifahamisha kuwa sikuwa nikiujua: mmoja ni mjukuu wangu wa kiume, wa miaka miwili na nusu, wa pili ni dada yake mchanga.

Binti yangu alikuja kwetu kuzaa, kama ilivyo desturi ya watu wa pwani, akae hata zitimie siku arubaini. Mama yake akashika kazi ya kumkanda na kumpikia uji wa pilipili manga. Yule mkubwa akaachiwa babu. Nilidhani kazi hii ni nyepesi. Siku ya kwanza alitwaa kofia yangu ya mkono, iliyoshonwa kwa miezi, akaitia katika ndoo ya maji akasema ni mashua. Siku ya pili aliumwagia uji mkeka wangu wa kusalia.

Mdogo naye alinipa sehemu yangu. Ijumaa moja, nimekwisha vaa kanzu nyeupe, nilimpakata nimsomee dua, akanicheulia begani. Nikavaa nyingine, nikampakata tena, akanikojolea. Mlango wa tohara nimeusomesha tangu ujana wangu: mkojo wa mtoto mwanamume ambaye hajala kitu illa maziwa hunyunyiziwa maji, na wa mtoto mwanamke huoshwa. Lakini kuijua hukumu ni jambo moja, na kusimama uani kufua kanzu ilhali adhana inasikika ni jambo jingine. Mke wangu alicheka hata akakaa chini. Akasema, “Maalim, leo umesomeshwa wewe!”

Haya yalikuwa ya furaha. Liko lisilokuwa la kucheka.

Yule mkubwa aliona kila mgeni aingiaye humwendea mchanga na kumpita yeye. Alikuwa amekwisha acha kukojoa kitandani, akarudia. Akaniuliza, “Babu, huyu atakwenda kwao lini?” Tulicheka, tukawahadithia majirani, wala hapana aliyemjibu. Siku ya pili yake alimfinya dada yake shavu. Nami, kwa mkono uliokwisha zoea, nikampiga kofi, nikajiona nimemtia adabu.

Baada ya siku mbili, nimerudi kusali alasiri, nilisikia sauti chumbani: “Soma! Soma!” Nikachungulia. Ameitwaa bakora yangu ya chuoni nyuma ya mlango, amekunja uso, anaupiga mto. Uso ule niliujua, ulikuwa wangu. Kisha akageukia kitanda alicholala mchanga. Akasema, “Soma na wewe,” akainua bakora. Nilimdaka mkono, bakora ikagonga ubao wa kitanda, shibiri moja na kichwa cha dada yake.

Nikakaa chini, maana miguu haikuwa na nguvu. Mtoto amejikunyata, anangoja kofi. Nikamwuliza, “Nani amekufunza hivi?” Akasema, “Babu.”

Binti yangu alipokuja nilimwelezea. Akanyamaza, kisha akasema kwa adabu, “Baba, ndivyo ulivyotusomesha na sisi. Mimi hata leo nikisikia fimbo ikigonga, aya niijuayo hunipotea.”

Ndugu zangu, mara ngapi nimewahadithia watu habari za Al-Aqra bin Habis, aliyesema ana watoto kumi na hajambusu hata mmoja, na Mtume (S.A.W.) akamjibu kuwa asiyerehemu harehemewi? Mara ngapi nimesomesha kuwa Mtume alisali amembeba mjukuu wake Umama, akisujudu humweka chini na akisimama humbeba? Na kuwa alikuwa akiifupisha sala asikiapo kilio cha mtoto, kwa kumhurumia mama yake? Nimeyahifadhi haya yote, na bakora iko mkononi.

Tangu siku ile nilimpa mjukuu wangu kazi: yeye ndiye mleta winda na mshika taulo. Na kila jioni, kabla ya magharibi, nilikaa naye barazani peke yetu, pasi na mchanga wala mgeni. Mara nyengine alikasirika, lakini hakumfinya tena.

Ama bakora, leo imechomekwa uani, inategemeza mti wa asumini. Sikuficheni: siku za kwanza chuoni kelele zilizidi, na mkono wangu uliitafuta nyuma ya mlango. Kusomesha bila ya bakora kwachosha, kwa kuwa hukulazimu umjue kila mtoto kwa nini hakuhifadhi. Mmoja, nimempiga mwaka mzima kwa uvivu, nikaja kutambua kuwa hazioni vizuri herufi za ubaoni.

Arubaini ilipotimia, baba yao alikuja kuwachukua. Nikamwambia mjukuu wangu kwa utani, “Huyu mchanga mwacheni kwetu.” Akamshika mguu dada yake, akanikazia macho: “Huyu anakwenda kwetu.”

Enyi wazazi, na nanyi vijana mtakaokuwa wazazi kesho, mtoto hatungojei tumfunze. Hutwaa lililo mkononi mwetu. Basi na tutazame tumeshika nini. Mwenyezi Mungu atusamehe yaliyopita, na atujaalie huruma kwa wadogo zetu. Amin.