Anatafutwa Mtu wa Nne

Basi liliniteremsha kituo cha Nyabugogo, Kigali, alfajiri, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na ilipofika saa mbili nilikuwa nimekwama. Ilikuwa siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya jamii. Kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi watu wako nje na majembe na mafagio, maduka yamefungwa, na wale motari, waendesha pikipiki za abiria, ambao siku nyingine hukuita kila hatua hawaonekani. Nikakaa juu ya begi langu. Saa yangu ilipogonga tano nikainuka kwa madaha, nikashika barabara tupu, hadi mama mmoja mwenye fagio akaniuliza natokea wapi.

“Mwanza, mama.”

“Basi huko ndiko saa tano. Hapa bado nne.”

Kigali iko nyuma yetu kwa saa moja. Mcheza sataranji anayesafiri bila kurekebisha saa yake anastahili alichokipata.

Nilikuwa nimealikwa kwenye mechi ya kirafiki ya wanne kwa wanne, Biryogo, upande wa Nyamirambo. Ni mtaa ambao Kiswahili hakikungoja kuwa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Kilikuwapo tangu enzi za wakoloni, na hata leo unaagiza chai na sambusa bila kutafuta neno. Wenyeji walikuwa wanne kamili, ingawa wa nne wao hasa alikuwa zamu kazini na nafasi yake ilizibwa na mzee mmoja jirani. Sisi wageni tulikuwa timu isiyo na nchi: wanafunzi wawili kutoka Kampala, Mkenya mmoja anayefanya kazi hapo hapo Kigali, na mimi. Kwa kuwa mimi ndiye dhaifu kuliko wote, nikapewa ubao wa nne bila mjadala.

Asiyejua sataranji ya timu aelewe hivi. Mchezaji mwenye nguvu anakaa ubao wa kwanza, anayemfuata wa pili, na kuendelea. Timu moja ikishika kete nyeupe ubao wa kwanza na wa tatu, nyingine inazishika ubao wa pili na wa nne. Ushindi ni pointi moja, sare nusu, na inayopita mbili imeshinda mechi. Maana yake, pointi ya bingwa na pointi yangu zina uzito mmoja. Bingwa hatawali hapa. Hata neno shaha, ambalo sisi tunamvika mkuu wa malenga, kwa Waajemi lilikuwa mfalme, ndiye huyu wa sataranji. Na kwenye timu, bingwa aliye shaha wa ubao wa kwanza anaweza kushinda mchezo wake vizuri kabisa, kisha akarudi nyumbani ameshindwa.

Naandika haya kwa sababu nimeshapita Nairobi na Kampala nikiuliza jambo lile lile: kwa nini watu wanne wa mji mmoja wasicheze na wanne wa mji wa pili, mwaka hadi mwaka, kama timu za mpira za mtaani?

Nairobi walinionyesha fedha. Kuna ligi ya taifa ya timu, na benki kama KCB na Equity zina timu zao, kwa hiyo mchezaji ana jezi na ana mwajiri anayejua amekwenda wapi Jumapili. Lakini ukitaka kuwakusanya watu kutoka nje, kinachowavuta ni mashindano ya mtu mmoja mmoja, yenye zawadi. Mwaka 2023, kwenye mashindano ya wazi ya Kenya, kijana mmoja alijifunika buibui na nikabu akacheza upande wa wanawake mpaka waamuzi walipomshtukia. Kila ninapolisimulia hilo watu hucheka. Mimi huwaza tu kwamba hakuna mtu angejisumbua hivyo kwa ajili ya kombe la timu.

Kampala wana simulizi iliyo bora kuliko zote, na dunia imeitazama sinema yake: ya Phiona Mutesi, msichana wa mtaa wa Katwe. Watu husahau kipande cha Juba. Mwaka 2009 kocha wake, Robert Katende, aliwachukua watoto watatu wa Katwe, Phiona akiwa mmoja wao, wakaenda Juba kuiwakilisha Uganda kwenye mashindano ya watoto wa Afrika, wakarudi na kombe lisiloingia kwenye mabegi yao. Watatu tu! Kabla ya kuwa hadithi ya msichana mmoja, ilikuwa hadithi ya timu.

Kigali ni ndogo na ina nidhamu. Wenyeji wangu wanafahamiana kwa majina, wanapanga ratiba kwa kuikwepa Jumamosi ya umuganda au kuanza baada ya mchana, na wanafika kwa wakati kuliko watu wote niliokwisha kucheza nao. Kinachowakera ni barabara. Februari 2019 mpaka wa Gatuna, kati ya Rwanda na Uganda, ulifungwa, ukafunguliwa Januari 31, 2022. Kwa miaka mitatu Kampala, iliyo safari ya usiku mmoja kwa basi, ikawa mbali kama Ulaya. Januari 2024 Burundi nayo ikafunga mipaka yake na Rwanda. Wale wanafunzi wawili walipita Gatuna kwa vitambulisho vya taifa tu, jambo ambalo Kenya, Uganda na Rwanda zimeliruhusu tangu 2014. Mimi Mtanzania nilihitaji pasipoti. Ukizijumlisha nauli, ruhusa ya kazini na hati za kusafiria, wachezaji watatu utawapata popote, maana hao ni mahodari na wana hamu. Anayekosekana ni wa nne. Yeye hana jina wala matumaini ya zawadi, na bosi wake haelewi sataranji ni nini.

Wamarekani wamelitafutia hilo dawa. Kila Februari mamia ya timu za ridhaa hukutana Parsippany, New Jersey, watu wanne wanne, na wastani wa alama za ubora za wachezaji wa timu hautakiwi kufika 2200. Ukiwa na bingwa, lazima umtafute na mnyonge wa kumsawazisha. Wa nne anakuwa mali! Kuna zawadi hata ya timu yenye jina bora. Kwetu tunaokoteza watu watano kila miaka miwili kwa ajili ya Olimpiadi ya sataranji (wanne na mmoja wa akiba), tunawapandisha ndege, na wakirudi hawana mechi na jirani.

Mechi yetu ilianza saa nane. Saa za mchezo zilikuwa mbili kwa mbao nne, zikawekwa kwa wakubwa. Sisi wa chini tuliambiwa saa yetu ni adhana ya magharibi. Ubao wetu ulikuwa wa plastiki ya kukunja na kona moja ilikataa kulala, mzee akaikandamiza kwa bakuli la sukari. Yeye ni mtu wa igisoro, lile bao lenye mashimo 32 na kete 64, na alikuwa akihesabu hatua kwa kugonga kidole mezani, upesi kuliko mimi. Farasi wangu aliliwa nikiangalia upande mwingine. Nikamrudishia kwa askofu, na jua lilipolala nilikuwa na askari mmoja zaidi. Mbao tatu zilikuwa zimekwisha, moja na nusu kwa moja na nusu. Watu wote wakatuzunguka, hata wale ambao mchana kutwa hawakututazama.

Adhana ikalia. Mzee akainua mkono.

“Sare?” nikamuuliza.

“Sare ya nini, mwanangu? Haujaisha.” Akamwagiza kijana apige picha ubao kwa simu, akaondoa bakuli la sukari, na ile kona ikainuka tena. Wale wa Kampala walikuwa wameanza kufunga mabegi. Basi lao lilikuwa la saa mbili usiku.

“Mimi nipo hapa hapa,” akasema akivaa kofia yake. “Watatu watapatikana.”